Uzinduzi wa Kuokolewa kwa Shaweji

Nilifikaje Uzinduni, sitaeleza. Safari ilikuwa ndefu, nilitapika njiani, na hayo hayamsaidii msomaji kitu. Nilikwenda kwa sababu mji ulikuwa umenichosha. Daktari aliniambia nitafute mahali penye miti, maji na watu wasionijua, na shoga yangu mmoja akanisifia Hifadhi ya Msitu wa Mbarazi mpaka nikaanza kuona kama nimechelewa. Huko, alisema, unatembea chini ya miti hadi shingo inakuuma kwa kutazama juu, unapiga kafi ziwani, unalala hemani. Hakunidanganya. Miti ipo, ziwa lipo, na mahema yapo pia. Alisahau tu kunieleza namna ya kuvifikia.

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa subira. Marehemu mume wangu alikuwa akisema hata foleni ya kuingia peponi nitaitoka, nizunguke nyuma nikaulize kama kuna mlango mwingine. Kwa hiyo anayesoma haya na apunguze makali yangu kidogo, kama anavyoongeza maji kwenye juisi ya ukwaju. Lakini niliyoyaona niliyaona.

Wazinduni ni watu wapole, wasafi na wakarimu, na sheria yao kubwa ni moja: jambo ambalo halijazinduliwa na mgeni rasmi halijatokea. Si kwamba limekatazwa, hapana. Wazinduni hawapendi kukatazana. Halijatokea tu. Unaweza kulishika kwa mkono, unaweza kujikwaa nalo ukavunjika jino, lakini kama hakuna aliyelikatia utepe akapigiwa makofi, basi bado halipo, na mtu mwenye adabu zake hawezi kukubali kwamba analiona.

Kitu cha kwanza ambacho hakikuwapo kilikuwa daraja. Kati ya lango la hifadhi na nyumba za wageni unapita mto, na juu ya mto kuna daraja la zege, kingo zake zimepakwa rangi nyeupe na kijani, lingeweza kubeba tembo na wanawe. Mbele yake umefungwa utepe mwekundu. Utepe huo hupauka kwa jua, na kila ukipauka kamati huufunga mwingine mpya. Watu wote wanapita chini, ndani ya maji, viatu mkononi. Nilimkuta baba mmoja amebeba baiskeli begani, maji yanamfika mapajani.

“Baba,” nikamwuliza, “daraja hili lina ubovu gani?”

“Daraja lipi?”

“Hili lililo juu ya kichwa chako.”

Akatazama juu kwa adabu, kama mtu anayeonyeshwa mchoro wa mtoto wa jirani. “Aa, lile. Siku likizinduliwa litatusaidia mno,” akasema, akaendelea kuvuka. Nami nikavua viatu, nikamfuata, kwa sababu nilikuwa mgeni na sikutaka kuanza na ugomvi.

Ng’ambo nilipokewa na Bwana Kirobo, Afisa Itifaki wa hifadhi, mwanamume mwembamba aliyevaa suti nyeusi na tai katikati ya msitu, na sikuwahi kumwona akitoka jasho.

“Karibu sana, mama. Wewe ni mgeni rasmi?”

“Mimi ni mgeni.”

“Basi utasubiri kidogo,” akasema, akanionyesha kiti cha plastiki.

Viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa mwanzoni mwa njia ya kupandia mlima, safu kwa safu, na juu yake walikaa watu waliokuja kutembea. Walikuwa na buti nzuri ambazo hazijaona vumbi, fimbo za kutembelea, mabegi mgongoni, kofia za jua. Mbele yao kulikuwa na meza kuu iliyotandikwa kitambaa cha satini, na juu yake maua ya plastiki na chupa za maji ambazo hakuna aliyethubutu kuzigusa. Nyuma ya meza kuu ilianza njia. Ilikuwa njia nzuri, jamani, imefagiliwa, inaingia chini ya miti mikubwa yenye ndevu za kuvu, na mdomoni mwake umefungwa utepe.

Nikakaa. Nikakaa tena. Msemaji aliyeshika kipaza sauti akatutangazia kwamba mgeni rasmi yuko njiani. Baadaye akatangaza kwamba sasa yuko njiani kabisa. Jua likaanza kunipiga utosini, nikasema liwalo na liwe, nikainama chini ya utepe, nikaenda zangu.

Sijutii. Nilipanda hadi kwenye maporomoko, nikawaona mbega wakirukaruka na mikia yao myeupe, nikakaa juu ya jiwe, nikatia miguu kwenye maji baridi mpaka vidole vikafa ganzi. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Kisha nikashuka nikawakuta wenzangu wako palepale, nikawaambia kwa furaha: “Jamani, maporomoko yale ni balaa! Nendeni mkaone!”

Watu wakatazama viatu vyao. Bwana Kirobo akanijia, akaninong’oneza kwa upole: “Utakapokwenda, mama, utafurahi sana.”

“Nimeshakwenda! Tazama, nguo yangu imelowa.”

“Utafurahi sana,” akarudia, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayembembeleza mgonjwa.

Mama mmoja aliyekaa karibu yangu akanigusa goti. “Usijisikie vibaya,” akaniambia. “Mimi nyumba yangu nimeijenga zamani, haijazinduliwa bado. Wageni wangu nawapokea barazani kwa jirani.”

Mgeni rasmi akafika jua linaanza kupoa. Alikuwa Mheshimiwa Ladislausi, mtu mnene mwenye sauti nzito na macho ya usingizi, na nitasema kweli, hakuwa mbaya. Alikuwa amechoka tu. Nchi nzima ilikuwa inamsubiri yeye ili itokee. Akasema itifaki imezingatiwa, akasoma hotuba juu ya faida za kutembea, akakata utepe, tukapiga makofi, tukatembea wote pamoja naye hadi kwenye kona ya kwanza, tukapiga picha ya pamoja, tukarudi, kwa kuwa muda ulikuwa umekwisha. Msemaji akatangaza kwamba shughuli ya kupanda mlima imefanyika kwa mafanikio makubwa. Watu walipongezana kwa kushikana mikono, na wengine waliniambia miguu inawauma.

Kambini mambo yalikuwa yaleyale. Mahema yalikuwa yamekunjwa vizuri kwenye rundo, yakisubiri kuwekewa jiwe la msingi, na waliokuja kupiga kambi walilala chini pembeni ya rundo hilo, wakinyeshewa. Niliuliza kwa nini wasijifunike angalau turubai moja. Waliniambia wazo hilo ni zuri na watalipeleka kwenye kamati.

Sasa nifike ziwani, maana hayo yote nimeyasema ili ieleweke yaliyompata Bi Zamoyoni.

Nilikutana naye asubuhi ya kupanda mitumbwi. Alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa makamo mwenye kicheko kinachosikika kabla hajafika, na alikuwa amekuja na mumewe Shaweji kupumzika. Shaweji alikuwa mwanamume mdogo wa umbo, mpole, amevaa fulana ya uzinduzi wa kisima fulani. Bi Zamoyoni aliniambia mumewe ana sanduku zima la fulana za namna hiyo, na hakosi shughuli. Akisikia kipaza sauti kinajaribiwa, anaacha chakula mezani.

“Na mimi nimempenda hivyohivyo, dada,” akasema. “Wanaume wengine wanafuata pombe. Wangu anafuata hotuba.”

Shughuli ya mitumbwi ilizinduliwa mapema ajabu, kwani Mheshimiwa alikuwa na mahali pengine pa kwenda. Akakata utepe, akaondoka, na mitumbwi ikaingia majini kihalali. Bi Zamoyoni huwa anasikia kichefuchefu akiwa majini, kwa hiyo alibaki nami ufukweni tukimenya mihogo. Shaweji alikwenda peke yake. Alipiga kafi vibaya lakini kwa fahari, akitupungia mkono kila baada ya muda, na mkewe akawa anacheka mpaka machozi.

Wenzake wote walirudi kula. Yeye akataka kufika katikati. Ziwa la Mbarazi lilipofurika zamani lilimeza msitu, na visiki vya miti iliyokufa vimesimama humo hadi leo. Mtumbwi wake ukagonga kimoja, ukapasuka, ukazama. Tulimwona akipapatika, tukamwona akikishika kisiki, akakipanda, akakaa juu yake amekikumbatia kwa miguu na mikono. Shaweji hajui kuogelea. Upepo ulikuwa unaanza kuvuma, na kila wimbi lilipopiga, kisiki kile kilichooza kilikuwa kinainama.

Bi Zamoyoni alipiga ukunga ambao bado ninausikia. Mihogo ikamwagika. Watu wakaja mbio kutoka kila upande, na hapo, nawaapia, sijawahi kuona watu wenye kasi kama Wazinduni. Kabla sijafunga mkanda wa viatu, kamati ilikuwa imeundwa. Turubai likasimama, viti vikapangwa, meza kuu ikatandikwa, jenereta ikaunguruma, kwaya ikaanza kujaribu sauti. Wengine wakaja wanasukuma mtumbwi mpya mkubwa, imara, wenye makafi manne na maboya, wakauweka ukingoni kabisa mwa maji, pua yake ikigusa mawimbi. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, kumbe watu hawa wakitaka wanaweza. Kisha wakaufunga utepe.

“Mgeni rasmi ameshaarifiwa,” akatangaza Bwana Kirobo. “Yuko njiani.”

“Njiani wapi?” nikamwuliza. “Mtu anazama pale!”

“Ndiyo maana tumeharakisha, mama.”

Ukazuka mjadala, na ulikuwa mjadala wa kisomi, siwezi kuudharau. Mwenyekiti wa kamati, Bi Chausiku, mama mwenye heshima zake na miwani iliyoning’inia kifuani, alisema kwamba pengine mgeni rasmi hahitajiki. Shughuli ya mitumbwi ilizinduliwa asubuhi. Shaweji alikwenda kwa mtumbwi, na atarudi kwa mtumbwi. Basi kuokolewa kwake ni mwendelezo wa shughuli ileile. Nilitamani kumkumbatia.

Lakini Bwana Kirobo akainuka. “Nashukuru, Mwenyekiti. Lakini je, hotuba ya asubuhi ilitaja kuzama? Haikutaja. Ilitaja burudani. Mwenzetu pale anaburudika?”

Wote tukatazama ziwani. Shaweji alikuwa amefumba macho.

“Haburudiki,” wakakubaliana.

“Basi ni shughuli mpya. Na zaidi ya hayo, ile ya asubuhi ilizinduliwa lakini haikufungwa rasmi. Tukizindua hii kabla hatujaifunga ile, tutakuwa na shughuli mbili zimefunguliwa kwa wakati mmoja. Nani atakaa meza kuu ya ipi?”

Bi Chausiku akavaa miwani, akaivua, akakiri kwamba hilo hakuliona. Ikaamuliwa Mheshimiwa akifika aanze kufunga burudani, halafu afungue uokoaji. Mtu mmoja aliuliza kama mimi, kwa kuwa nimetoka mbali, nisingeweza kufanywa mgeni rasmi wa dharura. Nikasema nakubali hata sasa hivi, leteni mkasi. Walilijadili hilo kwa heshima mpaka Bwana Kirobo akauliza nimekuja na magari mangapi, na hoja ikafa hapo.

Palibaki suala la risala. Desturi yao ni kwamba anayenufaika na jambo ndiye anayemsomea mgeni rasmi risala, na anayenufaika alikuwa juu ya kisiki. Wakamtafutia kipaza sauti kikubwa, wakamwuliza kwa sauti angependa iandikwe nini. Nilidhani atalia, atatukana, atawaita mashetani. Sauti yake ikaja nyembamba juu ya maji:

“Msisahau changamoto!”

Wakapiga makofi. Mkewe akaficha uso kwenye khanga.

Hapo uvumilivu ukaniisha. Nikamvuta Bi Zamoyoni pembeni. “Sikiliza, mwenzangu. Mtumbwi huu hapa. Makafi haya hapa. Mimi nina nguvu na wewe una nguvu. Twende tukamtoe mume wako.”

Alinitazama kwa macho mekundu, akatikisa kichwa. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimtukane, akaniwahi.

“Dada, hujui. Mjomba wangu alitumbukia kisimani. Majirani wakamtoa kwa kamba, hivihivi, kimyakimya, kwa sababu walimwonea huruma. Akarudi nyumbani akala, akaoga, akaishi hadi uzee. Lakini hakuna aliyemsalimia tena. Kwa watu, alikuwa bado yuko kisimani. Akipita njiani wanainama kutazama kisima. Mkewe hakuwa mjane na hakuwa na mume. Mjomba akafa akiwa anaongea na kuku.” Akashika kifua. “Nikimtoa Shaweji hivi, nitamtoa wapi nimpeleke wapi? Yeye bila watu si Shaweji.”

Nilikuwa nimemwona mtu yule na fulana yake, nikajua anachosema ni kweli. Nikamshika mkono, tukasubiri. Msemaji akatangaza kwamba Mheshimiwa ameshatoka nyumbani. Kwaya ikaimba wimbo wa kumkaribisha. Vijana wa kamati wakaanza kugawa fulana zilizoandikwa OKOA SHAWEJI, na mimi nikapewa yangu, na ilinitosha vizuri.

Upepo ukazidi. Tukasikia mlio kutoka ziwani, mkavu, kama wa kuni inayovunjwa gotini. Kisiki kikalala. Shaweji akapotea mzimamzima, kichwa na mikono, kisha akaibuka amekishika kipande kilichobaki, maji kidevuni, akitapika. Kwaya ikanyamaza kidogo, ikaendelea na ubeti wa pili.

Bi Zamoyoni akasimama.

“Wasipomsalimia,” akasema, “nitamsalimia mimi.”

Alikwenda kwenye mtumbwi akaushika utepe kwa mikono miwili, akauvuta. Haukukatika. Akauuma kwa meno mpaka ukaachana. Mimi nikasukuma kwa nyuma, tukaingia majini, akashika kafi nami nikashika kafi, na yeye ambaye hujisikia vibaya majini akawa anatapika upande mmoja na kupiga kafi upande wa pili, hakupumzika hata mara moja.

Msomaji atauliza kama walituzuia. Hawakutuzuia. Nilitazama nyuma nikawaona wote wamegeuza nyuso zao, wengine wanatazama mawingu, wengine wanafungafunga kamba za viatu, na Bwana Kirobo anamwonyesha fundi mitambo kwa kidole aongeze sauti ya muziki. Walitusitiri. Kwao, tulichokuwa tunafanya kilikuwa kama mtu kuvuliwa nguo na upepo.

Tulimkuta Shaweji midomo imekuwa ya bluu. Mkewe akampa mkono. Unajua alichouliza?

“Mgeni rasmi amefika?”

“Hajafika. Panda.”

“Sasa Zamoyoni, mbona mmekuja kabla…”

“Panda, mwanamume wewe!” nikapiga kelele, nikamshika ukosi wa fulana, tukamburuta ndani kama gunia la mchele lililolowa. Akalala sakafuni mwa mtumbwi akitetemeka, akishukuru na kulalamika kwa pumzi moja. Mkewe alikuwa anamfuta uso, anamfuta masikio, anacheka na kulia. Nami nililia, kwa nini nifiche? Nilijua tumefanya jambo zuri, na siku hizi hilo halinitokei mara nyingi.

Tulifika ufukweni wakati uleule msafara wa Mheshimiwa unaingia kwa ving’ora. Tulishuka, tukauacha mtumbwi mahali pake, na mtu fulani mara moja akafunga utepe mwingine. Bi Zamoyoni akavua khanga aliyojifunga juu, akamfunika mumewe mabegani, wakasimama kando ya viti. Nilingoja mtu mmoja, mmoja tu, amwambie Shaweji pole. Baba wa baiskeli alipita mbele yake, akatazama ziwani, akasema peke yake: “Masikini Shaweji, sijui anavumilia vipi.”

Shaweji akajibu: “Ni kweli, kaka.” Hakujibiwa.

Mheshimiwa akaketi. Burudani ya asubuhi ikafungwa rasmi. Risala ikasomwa, na changamoto zilitajwa zote, kikiwemo kina cha maji. Mheshimiwa akasimama, akasema itifaki imezingatiwa, akaeleza kwamba nchi yetu haitamwacha mwananchi wake hata mmoja juu ya kisiki, na akaahidi kwamba uokoaji huu ni mwanzo tu. Watu walisimama wakapiga vigelegele. Utepe ukakatwa. Waokoaji wenye nguvu zao, waliovaa fulana mpya, wakaingia mtumbwini, wakapiga kafi kwa ustadi ambao ungenifurahisha sana kabla, wakazunguka mahali palipokuwa na kisiki, wakatafuta, wakachovya mikono, wakarudi wameinamisha vichwa.

Hawakumkuta mtu.

Siwezi kusema walikuwa wanaigiza. Bi Chausiku alilia kwa kwikwi, akaja akamkumbatia Bi Zamoyoni, na ili amfikie ilibidi amsukume Shaweji kando kwa kiwiko. Kwaya ikabadili wimbo. Mheshimiwa Ladislausi akavua kofia, na macho yake ya usingizi yakawa na majimaji. Akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

“Tulikuja haraka,” akasema, “lakini Mungu alikuja haraka zaidi. Shaweji alikuwa mtu wa watu. Shaweji hakukosa shughuli. Shaweji alikuwa nguzo.”

“Huyu hapa!” nikapayuka. “Jamani, nguzo yenyewe hii hapa, imelowa! Mshikeni!”

Bwana Kirobo akanijia kwa hatua laini. “Mama, tunajua uchungu,” akaninong’oneza. “Kila mtu huwaona bado marehemu wake, siku za mwanzo.”

Msemaji akatuomba tusimame kwa dakika moja kumkumbuka marehemu. Viti vikalia, watu wakainuka, kofia zikavuliwa, ziwa zima likatulia. Bi Zamoyoni akamshika mumewe mkono.

“Twende nyumbani,” akamwambia. “Nitakukorogea uji wa moto. Twende, baba. Mimi nakuona.”

Shaweji hakusogea. Alikuwa amesimama wima kuliko nilivyowahi kumwona, kidevu juu, mikono imenyooka pembeni, na machozi yanamtiririka mashavuni. Maishani mwake alikuwa amekaa safu za nyuma, akiwapigia wengine makofi. Akatoa mkono wake polepole katika mkono wa mkewe.

“Ngoja kidogo,” akanong’ona bila kugeuka. “Wananiombea.”

Bi Zamoyoni akaitoa ile khanga mabegani mwa mumewe, akaikamua maji, akajitanda kichwani, akaenda kukaa chini kwenye mkeka wa wafiwa uliokuwa umeshatandikwa. Nilimfuata nikamshika bega, nikamwambia ainuke, tuondoke sote, asikubali ujinga ule.

“Niache, dada,” akaniambia. “Sasa ndiyo nimefiwa.”